Jua Linavyokula Sufu

Huku kwetu kusini yako maneno mawili yaliyofanana hata watoto huyachanganya, nayo ni sufi na sufu. Sufi ni ile pamba nyepesi itokayo katika matunda ya msufi, ambayo wazee wetu walijazia mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo. Msufi twaufahamu, kondoo wa sufu hatumfahamu. Kondoo wachache waonekanao huku, pamoja na wale walioletwa na wafugaji waliohamishwa bonde la Ihefu mwaka 2006 wakaelekea mkoa wa Lindi, ni kondoo wa nywele fupi kama mbuzi, wala hakuna awezaye kusokota uzi kutoka migongoni mwao. Basi mtu atauliza, mwalimu wa Nambilanje ana neno gani la kusema juu ya sufu? Ninalo, na wasomaji wanivumilie kidogo mpaka nifike mahali penyewe.

Nyuzi zitokazo katika mimea, kama pamba, sufi na katani, zimejengwa hasa kwa kitu kiitwacho selulosi, ambacho ni ndugu wa wanga. Nyuzi zitokazo katika mwili wa mnyama zimejengwa kwa protini. Tofauti hii haionekani kwa macho, lakini moto huifichua mara moja. Siku moja nilileta mbele ya darasa uzi wa pamba, sufi kidogo, unyoya wa kuku, nywele nilizookota kwa kinyozi, na uzi wa sufu. Nikaviunguza kimoja kimoja. Pamba na sufi ziliwaka upesi, zikanuka kama karatasi, zikaacha majivu mepesi. Unyoya, nywele na sufu havikutaka kuwaka. Vilijikunja, vikafanya kidonge cheusi chenye kusagika, na harufu yake ilikuwa moja, hata darasa zima likashika pua. Kijana mmoja akasema, “Mwalimu, kumbe sufu ni nywele!” Ndivyo ilivyo. Mwingine akachomoa uzi wa sweta lake, ambalo mama yake aliuziwa mnadani kwa jina la sufu. Nao ukayeyuka, ukadondoka kama nta, na kidonge chake kilipopoa kilikuwa kigumu kama kokoto. Ule haukuwa uzi wa mnyama wala wa mmea, bali uzi wa viwandani utokanao na mafuta ya petroli, uitwao akriliki. Masweta mengi ya mitumba ni ya namna hiyo. (Walimu watakaopenda kufanya jambo hili wafanye nje penye upepo, nasema kwa ajili ya pua zao.)

Harufu ile ina habari yake, maana sehemu yake yatokana na salfa. Wakulima wa korosho wa Ruangwa na Nachingwea hawahitaji kuelezwa salfa ni nini. Kila mwaka mikorosho inapochipua na kuchanua huipulizia unga ule wa manjano ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na jioni hurudi nyumbani macho yakiwawasha. Salfa hiyo hiyo imo katika sufu, kadiri ya sehemu 3 au 4 katika kila 100 kwa uzito, nayo imo katika nywele zetu na kucha zetu. Protini yenye salfa hiyo huitwa keratini.

Na salfa yafanya kazi gani humo? Nitaeleza kwa mfano wa nyumba. Mtu ajengaye nyumba ya miti husimamisha nguzo, hulaza fito, kisha hufunga kwa kamba kila mahali nguzo na fito zinapokutana. Ukiondoa kamba, nguzo zingali zimesimama na fito zingali zipo, lakini siku mtu atakapoegemea ukuta ataanguka nao. Minyororo mirefu ya protini ndiyo nguzo za uzi wa sufu, na salfa ndiyo kamba: atomu mbili za salfa, moja ya mnyororo huu na moja ya mnyororo ule, hushikana mikono. Kifungo hicho ndicho kiupacho uzi wa sufu nguvu, na kuufanya urudi ulivyokuwa ukivutwa. Bwana William Astbury, mtaalamu wa Leeds, Uingereza, aliyechunguza sufu kwa eksirei katika miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha ya kwamba minyororo hiyo imekunjwa ndani ya uzi, nayo hunyoka uzi uvutwapo.

Sasa na tulitazame jua. Nuru yake si kitu kimoja. Kila mtu aliyeona upinde wa mvua anajua ya kuwa imechanganyika rangi nyingi, tangu nyekundu mpaka urujuani. Mwaka 1800 Bwana William Herschel aliweka kipimajoto ng’ambo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni nuru yo yote, akakuta joto limezidi. Mwaka uliofuata, 1801, Mjerumani mmoja wa Jena, Johann Wilhelm Ritter, akajaribu upande wa pili. Alichukua dawa ya fedha ambayo nuru huigeuza nyeusi, akaiweka ng’ambo ya urujuani, penye giza kwa macho yetu, na dawa ikageuka nyeusi upesi kuliko mahali po pote palipokuwa na nuru. Hivyo alifahamu ya kwamba iko nuru isiyoonekana, yenye nguvu ya kugeuza vitu. Siku hizi twaiita mionzi ya urujuanimno.

Naomba msomaji ashike neno hili, maana ndilo mzizi wa mambo yote yatakayofuata: mionzi iletayo joto ni ile ya Herschel, na mionzi iharibuyo nguo na ngozi ni ile ya Ritter, ziko pande mbili mbalimbali za upinde wa mvua. Mtu hawezi kuipima ya pili kwa kuisikia ya kwanza. Siku ya mawingu mepesi yenye upepo wa baridi mwili husema hapana jua, na huku urujuanimno unaendelea na kazi yake.

Wataalamu huigawa mionzi hiyo sehemu tatu kwa urefu wa mawimbi yake, wakihesabu kwa nanomita, ambazo milioni moja hufanya milimita moja. Tangu 400 kushuka hata 315 ni urujuanimno A. Tangu 315 hata 280 ni B. Na chini ya hapo ni C, iliyo kali kuliko zote, lakini hewa ya juu na tabaka ya ozoni huizuia isifike kwetu. Ozoni huzuia pia sehemu kubwa ya B, wala si yote. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mionzi hupita katika hewa kwa mshazari, safari huwa ndefu, na mingi hupotea njiani. Jua likiwa utosini safari ni fupi. Na sisi wa Nambilanje, tulio karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya pili ya Oktoba na tena katika nusu ya pili ya Februari. Februari mara nyingi tuna mvua na mawingu mazito. Oktoba mbingu ni nyeupe, miti mingi imepukutisha majani, na kivuli ni haba.

Mionzi hiyo ikiingia katika sufu hukamatwa. Katika minyororo ya keratini viko vipande viwili, triptofani na tairosini, ambavyo kazi ya kumeza urujuanimno vinaiweza sana. Lakini kumeza nguvu si kuimaliza. Triptofani iliyopigwa na mionzi, ikisaidiwa na oksijeni ya hewani, huvunjika na kugeuka vitu vingine vyenye rangi ya manjano. Ndiyo sababu sufu nyeupe ikikaa juani huwa kama meno ya mvuta tumbaku. Nguvu nyingine huviendea vile vifungo vya salfa na kuvikata. Maji huongeza ubaya huo: sufu iliyolowa huwa ya manjano upesi kuliko iliyo kavu, na kwa hiyo ashonaye au afuaye kitu cha sufu akianike kivulini. Jambo moja lilinishangaza nilipolisoma, nalo ni kwamba nuru ya buluu, ile tuionayo, hufanya kinyume: huing’arisha sufu. Basi ndani ya jua moja iko nuru ichafuayo na nuru isafishayo, na sufu huvutwa huku na huku. Lakini juani kwa siku nyingi ichafuayo ndiyo ishindayo.

Wafugaji wa Australia, ambao kondoo wao hukaa malishoni mwaka mzima, hulijua jambo hili kabla sufu haijakatwa. Ncha za manyoya, zilizo juu mgongoni, huwa zimekwisha kuliwa na jua, na mizizi iliyo karibu na ngozi ingali mizima. Sufu hiyo ikitiwa rangi, ncha hunywa rangi kwa namna nyingine na mizizi kwa namna nyingine, na nguo hutoka na madoa. Huku Afrika ya Mashariki waliojaribu kondoo wa sufu ni wa nchi za baridi za Kenya, ambako Lord Delamere aliingiza merino huko Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 akapata hasara kubwa ya vifo. Na baadaye Eldoret palikuwa na kiwanda cha Raymond kilichofuma mablanketi ya sufu. Lakini sufu niliyoijua mimi ilitoka mbali zaidi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, akapigana Burma, akarudi mwaka 1946. Alirudi na blanketi moja la kijivu, zito, lenye mstari mweupe miguuni. Alilitumia miaka yote ya uhai wake, na asubuhi alilikunja mwenyewe, wala hakumruhusu mtu mwingine kulikunja. Alipofariki, mama yangu alilitundika mlangoni liwe pazia, upande wa magharibi, na kwa kuwa lilikuwa refu alilikunja nusu, nusu ya nje ikapigwa na jua la alasiri na nusu ya ndani ikakaa gizani. Lilikaa hivyo miaka kadhaa. Nilipolichukua nilikuta blanketi moja limekuwa mawili. Ndani ya mkunjo mstari ulikuwa mweupe, na uzi wake ukiuvuta unavutika na kurudi. Nje mstari ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kidole changu kilipita katika kitambaa kama kipitavyo katika jani kavu la mgomba. Panya hakuligusa, nondo hakuligusa. Nguzo zilikuwa zimesimama, kamba zimekatika.

Sikuona vema kumaliza habari hiyo kwa maneno. Tulichomoa nyuzi za mstari mweupe kutoka sehemu nzima, tukazikaza juu ya mbao nne. Ubao wa kwanza tuliuweka juu ya paa la bati. Wa pili juu ya paa vile vile, lakini kila asubuhi mtoto wa zamu alizilowesha nyuzi zake maji. Wa tatu tuliufunika kwa kipande cha kioo cha dirisha. Wa nne tuliufungia sandukuni. Tulianza Julai, tukaishia mwisho wa Oktoba. Nyuzi za sanduku hazikubadilika. Za paa zilikuwa za manjano, na zilizoloweshwa zikazidi. Za chini ya kioo zilibadilika kidogo mno, kwa maana kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ya B, ingawa sehemu kubwa ya A huipitisha. Kisha tulifunga kila uzi kwenye kopo dogo, tukamimina mchanga polepole mpaka uzi ukatike. Uzi wa paa ulikatika kwa mchanga usiofika nusu ya ule uliobebwa na uzi wa sanduku. Watoto walishangilia kama mpira umeingia golini.

Hapo ndipo habari ya sufu ilipotoka darasani ikaenda kwa watu. Katika darasa la nne tunaye binti mwenye ualbino. Ngozi yake na nywele zake hazina melanini ya kutosha, ile rangi ambayo Mungu ametutia sisi wengine kama kivuli cha ndani. Anakaa na bibi yake, maana wazazi wako mbali kwa kazi. Siku moja bibi alinijia shuleni, akaketi barazani, tukaamkiana, kisha akasema, “Mwalimu mwanangu, nasikia mnaanika nyuzi juu ya bati kulipima jua. Huyu mjukuu wangu jua linamla. Nilimnunulia sweta mnadani, mwuzaji akaapa ni sufu, na mabega yametoka malengelenge vile vile. Nimvalishe nini?”

Nilitazama lile sweta. Uzi mmoja na kiberiti vilitosha: likayeyuka. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Ubaya wake hasa ulikuwa katika ufumaji. Lilifumwa kwa sindano nene, na mtoto alipolivaa matundu yalifunguka mabegani, kila tundu likiwa dirisha lisilo na kioo. Hata lingekuwa sufu safi lisingemfaa. Nilimwambia bibi ya kwamba nguo huzuia urujuanimno kwa mambo mawili, nalo la kwanza ni uzi kukaa karibu na uzi, na la pili ni uzi wenyewe kuweza kumeza mionzi. Sufu humeza vizuri kwa sababu ya zile protini. Yenyewe huharibika kwa kazi hiyo, lakini ngozi iliyo chini hupona. Pamba nyeupe nyembamba, kama mashati ya sare, hupitisha mionzi mingi, na ikilowa jasho hupitisha zaidi. Kitambaa cha pamba kizito, cha rangi iliyokolea, chenye nyuzi zilizobanana, chafaa.

Bibi akauliza, “Na asubuhi, jua lisipowaka?” Nikampa kanuni ambayo haihitaji saa wala chombo: simama uwanjani utazame kivuli chako, kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi ni michache, kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti. Huku kwetu kwa miezi mingi kivuli huwa kifupi tangu kadiri ya saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Watoto wa darasa la nne walikwisha kulifanya jambo hili mchezo, wakikimbia kupima vivuli vyao, na binti yule ndiye aliyekuwa mwamuzi.

Nisitiri nini? Jambo hili si la kuchezea. Nchi yetu ilipata aibu tangu miaka ya 2006 na 2007 kwa mauaji ya watu wenye ualbino, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni, tangu mwaka 2015, kuwa siku yao. Hayo watu huyasema redioni. Lakini jua limewaua wengi kuliko mapanga, nalo haliwekwi gerezani. Mwaka 1985 Dakta Luande na wenzake walichapisha habari za ngozi za watu wenye ualbino wa Dar es Salaam, wakionyesha jinsi jua lianzavyo kuziharibu tangu utoto, na saratani kufuata mtu angali kijana. Katika ngozi iliyo hai urujuanimno hauvunji protini tu, bali huharibu na ile asidi ya urithi iliyo ndani ya chembe. Hapa ngozi na sufu huachana. Sufu imekufa, haijitengenezi, kikatikacho kimekatika. Ngozi hujitengeneza kila usiku, lakini kwa makosa machache machache, na makosa hayo yakikusanyika miaka mingi ndiyo huzaa saratani. Kwa hiyo uharibifu wa blanketi waonekana kwa kidole, na uharibifu wa bega la mtoto husubiri miaka 15 au 20 ndipo ujulikane. Nilimsihi bibi ya kuwa kidonda cho chote kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe zahanati, wala kisipakwe majani.

Hapa niingize neno kwa walimu wenzangu, kwa maana nimeona likikosewa. Watoto wengi wakati wa kuvuna ufuta huwa na nywele nyekundu nchani. Hilo ni jua, ambalo huifuta melanini ya nywele kama lifutavyo rangi ya nguo, nalo si ugonjwa. Lakini nywele zikiwa nyekundu tangu shinani, nyembamba, zikang’oka bila maumivu, na miguu ikavimba, hilo si jua. Huo ni utapiamlo ambao Dakta Cicely Williams alieleza habari zake mwaka 1933 huko Ghana, na watu wa kule waliuita kwashiakori. Mwili uliokosa protini ya kunde, samaki na mayai utaitoa wapi keratini? Mtoto huyo asikae darasani akikemewa kwa kusinzia. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Narudi kwa binti. Kumvalisha nyumbani ni kazi ya bibi. Kumvalisha shuleni ni kazi yetu, na hapo palikuwa na kanuni ya sare. Katika shule moja niliyofundisha zamani, ambayo sitaitaja, nilimwona mtoto wa namna hii akivuliwa kofia mstarini kwa kuwa si sare, akasimama nusu saa. Sikupenda jambo lile lije kwetu. Nilijua ya kuwa nikienda katika kikao cha walimu na maneno tu, mtu atasema, kama ilivyo desturi, “Tukimruhusu huyu, kesho wote watavaa kofia.” Basi nilienda na karatasi.

Gazeti la kawaida likikaa juani siku chache hugeuka manjano. Kila mwenye duka anajua. Tulitandaza ukurasa mmoja usio na picha juu ya ubao, tukaweka juu yake vipande vinne: shati la sare, sweta la mnadani, kitenge cheusi kizito, na kipande cha blanketi la babu kutoka sehemu iliyo nzima. Tukavipigilia misumari pembeni, tukauacha ubao juani juma moja la Oktoba. Tulipovifunua, karatasi ilisema yenyewe. Mahali palipokuwa wazi palikuwa manjano kabisa. Chini ya shati palikuwa manjano kidogo tu kuliko pale pa wazi. Chini ya sweta palichorwa madoadoa, kila tundu la ufumaji na doa lake, mithili ya ngozi ya kanga. Chini ya kitenge na chini ya blanketi palikuwa kama siku lilipotoka gazeti. Nikaupitisha ukurasa ule kwa walimu, nikawaambia wautie shati la sare mawazoni, na chini yake si karatasi bali mgongo wa mtoto.

Mwalimu mmoja wa kike, ambaye husema machache, aliukamata ukurasa muda mrefu, akauliza, “Na sisi tunampeleka shamba la shule saa nne?” Hapakuwa na maneno mengi baada ya hapo. Ilikubaliwa ya kwamba avae kofia mahali pote, shati la mikono mirefu la kitambaa kizito cha rangi ya buluu iliyokolea, na sketi ndefu. Tena zamu yake ya shamba iwe ya kuhesabu mbegu na kuandika mavuno, chini ya mwembe. Mwalimu mkuu aliongeza ya kuwa akae mbele darasani, maana macho ya watoto hawa hayaoni mbali, na dirisha la karibu naye litiwe pazia.

Kofia ilishonwa na fundi wetu wa hapa kijijini, ya kitenge, yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, upate kufunika masikio na shingo. Maana kofia ya askari au ya mchezaji, yenye ulimi wa mbele tu, huacha masikio nje, na masikio huungua sana. Ukingo ulilegea. Fundi akataka kutia kadibodi, ambayo mvua ya kwanza ingeiharibu. Nikampa vipande viwili vya blanketi, akavishona katikati ya kitenge. Kofia ikasimama. Kichwani haina sufu, kwa kuwa joto la Oktoba lingemwua mtoto. Sufu imo ukingoni tu, palipo na upepo juu na chini. Mama yangu alipoona nimelikata blanketi la mkwewe alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kama kipande kilichobaki chatosha kofia nyingine, akikusudia mtoto mchanga mwenye hali hiyo hiyo aliyemwona kliniki. Chatosha kofia tatu.

Yako pia mafuta ya kujipaka. Huko Moshi, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, yalianza kutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo hugawiwa bila malipo kwa njia ya kliniki. Bibi ameandikishwa. Mafuta hayo ni ya uso, masikio na mikono, penye kubaki wazi. Nguo na kivuli ndivyo vitangulie, maana kopo huisha, na kutoka Nambilanje kufuata jingine ni nauli.

Mbao zetu tumezitoa juu ya bati, isipokuwa mmoja. Juu yake tumekaza kipande cha kitenge cha kofia ile ile na uzi mmoja wa blanketi, tupate kujua ukingo utadumu misimu mingapi kabla ya kubadilishwa. Utashushwa jua litakapopita tena juu yetu mwezi wa Februari, na mwenye kuandika daftari la ubao huo ni binti mwenyewe, ambaye huandika kwa herufi kubwa, na kila Ijumaa hunikumbusha kuleta ngazi.